Uzi: Elektroni hukaaje katika hali za nishati kwenye uso wa kitu kigumu?

1. Mwalimu wa Fizikia, Kampala (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Katika masomo ya fizikia tunayowapa vijana wetu wa kidato cha sita, na hata wale wa mwaka wa kwanza chuoni, tunaeleza kwa makini jinsi elektroni zinavyojipanga ndani ya metali na ndani ya semikondakta (vitu kama silikoni, vinavyopitisha umeme kwa kiasi tu), kisha tunafunga daftari kana kwamba fuwele haina mwisho. Hesabu zenyewe ndizo zinazotuvuta huko, kwa sababu tukichukulia kwamba atomu zinarudiana kwa mpangilio uleule pande zote bila kikomo, kazi inakuwa nyepesi. Lakini kila kipande cha silikoni, kila waya wa shaba na kila punje ya madini ina uso, na ni usoni ndiko mwanga huingilia, ndiko waya huunganishwa, ndiko gesi hunata na mmenyuko wa kikemia huanza. Naomba tujadili swali moja: zikifika usoni, elektroni hukaa katika hali zipi za nishati, na ni nini kinachoamua hali ipi ikaliwe na ipi ibaki tupu?

Nianze na yale tunayokubaliana. Ndani ya atomu iliyo peke yake, elektroni ina viwango vya nishati vilivyotengana. Atomu nyingi zinapokaribiana na kuungana, viwango hivyo hutawanyika na kuwa kanda pana, na kati ya ukanda mmoja na mwingine huweza kubaki pengo lisilo na hali yoyote ya kukaliwa. Kwa silikoni pengo hilo ni elektronivolti 1.12 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati) katika halijoto ya kawaida. Mwaka 1925 Wolfgang Pauli alitamka kanuni kwamba elektroni mbili haziwezi kukaa katika hali moja ileile, na mwaka uliofuata Enrico Fermi na Paul Dirac, kila mmoja kwa njia yake, wakaonyesha jinsi uwezekano wa hali kuwa na elektroni unavyotegemea nishati ya hali hiyo na halijoto ya kitu chenyewe. Kipimo cha kulinganishia ni kiwango cha Fermi. Hali iliyo sawasawa na kiwango hicho ina uwezekano wa nusu wa kukaliwa. Zilizo chini yake zina uwezekano mkubwa zaidi, na zilizo juu yake mdogo zaidi.

Badiliko hilo hutokea kwa ghafla kuliko wengi wanavyodhani. Katika kelvini 300 nishati ya joto ni elektronivolti 0.026 tu. Kwa hiyo hali iliyo juu ya kiwango cha Fermi kwa elektronivolti 0.1 hukaliwa kwa asilimia 2 hivi, na ile iliyo chini yake kwa kiasi hichohicho hukaliwa kwa asilimia 98. Ukipanda hadi elektronivolti 0.5 juu yake, uwezekano unashuka hadi kama sehemu 4 kati ya bilioni 1. Kwa matumizi mengi ya kila siku tunaweza kusema kwamba hali za chini zimejaa na za juu ni tupu, na kwamba mambo yote ya kusisimua yako katika ukanda mwembamba unaouzunguka mpaka huo.

Sasa tufike usoni. Mwaka 1932 mwanafizikia wa Kisovieti Igor Tamm alionyesha kwamba mwisho wa fuwele huzaa hali mpya ambazo ndani ya fuwele hazipo kabisa, na mwaka 1939 William Shockley akazichambua kwa upana zaidi. Wazo lao ni hili. Ndani ya pengo la nishati, hesabu ya mawimbi ya elektroni hutoa majibu, ila ni majibu ambayo wimbi linakua bila kikomo upande mmoja na kufifia upande wa pili. Katika fuwele isiyo na mwisho tunayatupa, kwa kuwa hakuna elektroni halisi inayoweza kuwa na wimbi la namna hiyo. Lakini fuwele inapokatwa, upande ule ambao wimbi lingekua bila kikomo haupo tena, na mahali pake pana ombwe, yaani nafasi tupu, ambamo wimbi nalo linafifia. Ikiwa vipande hivyo viwili vinaungana vizuri pale mpakani, tunapata elektroni iliyofungwa usoni, isiyoweza kuzama ndani wala kutoka nje, ingawa ina uhuru wa kutembea kuufuata uso huo. Mwanakemia angelieleza jambo hilohilo kwa kusema kwamba kila atomu ya silikoni hutaka vifungo vinne, na ile ya usoni imepoteza jirani, basi kifungo chake kimoja kinaning'inia hewani kikiwa na elektroni moja isiyo na mwenzake. Kwa silikoni maelezo yote mawili yanatufikisha palepale, kwenye hali za nishati zilizo katikati ya pengo.

Karibuni tuchangie.

2. Mwanafunzi, Mbarara

Mwalimu, shikamoo, na asante kwa uzi huu. Nina swali ambalo halinipi raha. Ikiwa hali za usoni zimezaliwa na kifungo kilichokatika, basi elektroni zinazozijaza ni zile za atomu za usoni wenyewe, moja kwa kila atomu. Je, kuna sababu yoyote ya elektroni za ndani kuja kuzijaza? Na kama zinakuja, si uso utakuwa na chaji hasi na kuzifukuza?

3. Mwalimu wa Fizikia, Kampala

Marahaba, mwanangu. Umegusa kiini cha jambo lote, nami nitajibu kwa urefu.

Uso na ndani ya fuwele ni mfumo mmoja. Elektroni zinaweza kupita kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mfumo unapotulia hakuna zaidi ya kiwango kimoja cha Fermi kwa wote. Hali za usoni hazina kiwango chao cha pekee kinachojitegemea. Hili ndilo ninalotamani kila mwanafunzi alishike kabla ya kuhesabu chochote, maana mengi yanayofuata ni matokeo yake.

Chukua silikoni iliyotiwa fosforasi, atomu 10¹⁶ kwa kila sentimita ya ujazo. Kila fosforasi hutoa elektroni moja ya ziada, na kiwango cha Fermi ndani ya fuwele hupanda hadi elektronivolti 0.2 hivi chini ya ukanda wa upitishaji, yaani ule wa juu ambamo elektroni hutembea huru. Sasa tuseme usoni kuna hali nyingi zilizo karibu na katikati ya pengo. Mwanzoni hali hizo ziko chini sana ya kiwango cha Fermi cha ndani, na baadhi yake ni tupu. Elektroni za karibu hazina sababu ya kubaki juu ilhali chini kuna nafasi, kwa hiyo zinaanguka usoni. Zikishaondoka, zinaacha nyuma atomu za fosforasi zenye chaji chanya, nao uso unapata chaji hasi. Hapo ndipo hofu yako inapotimia, kwa kuwa chaji hasi ya usoni kweli huzisukuma elektroni nyingine na kuinua nishati ya kanda zote karibu na uso. Kanda zinapinda kuelekea juu, na hali za usoni zinapanda pamoja nazo, mpaka zile zilizo tupu zinakuwa juu ya kiwango cha Fermi na hakuna tena elektroni yenye faida ya kuja. Kujazwa kunajizuia kwenyewe, ila kunaanza kwanza.

Kipimo chake kinashangaza. Tuseme kanda zimepinda kwa elektronivolti 0.3. Kwa silikoni ya namna hii, eneo lililonyang'anywa elektroni zake lina kina cha mikromita 0.2 hivi, maana yake chaji iliyohamia usoni ni elektroni 2 × 10¹¹ kwa kila sentimita ya mraba. Uso wa silikoni unaoitwa (111), nambari zinazotaja uelekeo ambao fuwele imekatwa, una atomu 7.8 × 10¹⁴ katika eneo hilohilo. Gawanya, utaona kwamba elektroni moja ya ziada kwa kila atomu 4000 za usoni inatosha kubadili tabia ya umeme hadi kina cha mamia ya tabaka za atomu. Uso ukiwa na hali nyingi kuliko hizo, hata ukiongeza fosforasi, kiwango cha Fermi pale usoni hakisogei: elektroni zinazoongezwa humezwa na hali za usoni, na kiwango kinabaki kimegandishwa karibu na palepale.

Jambo hili ndilo lililowasumbua wataalamu wa maabara ya Bell Labs huko Marekani. Mwaka 1945 Shockley alitarajia kwamba akiweka bamba lenye volti karibu na silikoni ataweza kuongeza au kupunguza upitishaji wake, lakini athari aliyoitarajia haikuonekana. Mwaka uliofuata John Bardeen akapendekeza kwamba elektroni zilizovutwa na bamba zilikuwa zinakamatwa na hali za usoni, na kwa kuwa hazikuwa huru kutembea, hazikuongeza mkondo wowote. Makala yake ilichapishwa mwaka 1947, na katika kuzichunguza hali hizo za usoni yeye na Walter Brattain wakapata transista ya kwanza, kifaa kidogo cha kudhibiti na kukuza mkondo, mwezi Desemba mwaka huohuo. Nafikiri tunawanyima vijana wetu kitu kikubwa tunapowafundisha transista bila kuwaambia kwamba ilizaliwa kutokana na swali la nani anakaa usoni.

Niongeze jambo moja kuhusu chaji, maana wengi huteleza hapa. Si kila hali ya usoni ikijazwa huleta chaji hasi. Zipo ambazo hazina chaji zikiwa na elektroni na huwa chanya zikiipoteza, na zipo zile zisizo na chaji zikiwa tupu na huwa hasi zikiipata. Kifungo kinachoning'inia kinaweza kuwa cha aina zote mbili. Kikiwa na elektroni moja hakina chaji. Ikiondoka kinakuwa chanya. Ikija ya pili kinakuwa hasi, na hiyo ya pili hugharimu nishati zaidi kwa sababu inasukumana na ya kwanza. Kwa hiyo unapohesabu ujazo wa hali za usoni, usichore mstari mmoja tu wa nishati kwa kila atomu.

4. Fundi wa Sola, Soroti

Mwalimu, nimesoma yote. Mimi kazi yangu ni kufunga paneli majumbani na shuleni huku Teso, na tangu mtambo wa megawati 10 wa Soroti uzinduliwe mwaka 2016 watu wameongeza maswali. Naomba mtu anieleze: hizi hali za usoni zina uhusiano gani na paneli ninayoibeba begani? Najua vumbi juu ya kioo hupunguza umeme, lakini naona hapa hamzungumzii vumbi.

5. Mhandisi wa Vifaa, Jinja

Mwalimu akiniruhusu, swali hili nitalijibu mimi.

Fundi, ni kweli hatuzungumzii vumbi. Kioo kinalinda, uso tunaouzungumzia uko chini yake, kwenye seli ya silikoni yenyewe, ambayo siku hizi ina unene wa mikromita chini ya 200. Mwanga ukiingia humo huinua elektroni kutoka ukanda wa chini hadi ukanda wa upitishaji na kuacha tundu, yaani nafasi tupu ya elektroni, nyuma yake. Umeme unapatikana ikiwa elektroni itafika kwenye nyaya kabla ya kukutana na tundu na kuanguka. Ndani ya silikoni safi, elektroni haiangukii kwa urahisi pengo zima la elektronivolti 1.12 kwa mara moja. Lakini ikipata hali iliyo katikati ya pengo, inakaa hapo kwanza, kisha tundu linaifikia hapohapo, na nishati ya jua inaishia kuwa joto. Hali zilizo karibu na kingo za pengo hazina madhara makubwa hivyo, kwa kuwa elektroni iliyokamatwa karibu na ukingo wa juu hurushwa tena juu na joto kabla ya tundu kuifikia. Zile za katikati ndizo mbaya zaidi, na vifungo vinavyoning'inia hukaa huko hasa.

Wataalamu hupima ubaya wa uso kwa mwendokasi, yaani kasi ambayo elektroni huonekana kumezwa pale usoni. Uso uliotunzwa vizuri una chini ya sentimita 10 kwa sekunde. Usiotunzwa unaweza kupita sentimita 10,000 kwa sekunde. Kwa bamba la mikromita 180 lililo safi ndani, hesabu inasema kwamba kwa uso mzuri wa sentimita 10 kwa sekunde elektroni itaishi karibu milisekunde 1, na kwa uso mbaya itaishi mikrosekunde chache tu. Silikoni ni ileile na jua ni lilelile; kilichobadilika ni uso.

Kuna njia mbili za kuutuliza uso, na paneli unazobeba zina mojawapo au zote. Ya kwanza ni kuziondoa hali zenyewe. Haidrojeni ikishikamana na kifungo kinachoning'inia, hali ya katikati ya pengo hugawanyika kuwa mbili, moja ikazama chini kwenye ukanda uliojaa na nyingine ikapanda kwenye ukanda wa juu, na pengo linabaki safi. Ile rangi ya buluu unayoiona kwenye seli inatokana na tabaka la silikoni na naitrojeni lenye unene wa nanomita 75 hivi, ambalo watu wengi huliona kuwa la kuzuia mwanga usirudi nje. Kazi hiyo linafanya, lakini pia limejaa haidrojeni, nayo wakati wa kuchomwa tanurini husambaa na kuziba vifungo. Njia ya pili ni kuziacha hali chache zilizobaki na kuzikosesha wageni. Oksaidi ya alumini ina chaji hasi iliyoganda ndani yake. Ikipakwa nyuma ya seli inazisukuma elektroni zisifike usoni, na kwa kuwa uharibifu unahitaji elektroni na tundu wakutane, kumnyima nafasi mmoja wao kunatosha.

Kwa sababu hiyo mimi hukasirishwa sana na wanaouza seli zilizopasuka zikiwa zimebandikwa upya kama nzima. Kila ufa ni uso mpya ambao haukupakwa chochote.

6. Fundi wa Sola, Soroti

Asante sana, Mhandisi. Je, zile paneli za zamani zenye madoa kama vipande vya kioo kilichovunjika, yaani za fuwele nyingi, nazo zina nyuso ndani yake?

7. Mhandisi wa Vifaa, Jinja

Ndiyo. Mipaka kati ya fuwele na fuwele ina vifungo visivyokamilika na hali zilizo ndani ya pengo, na elektroni huzijaza kwa kanuni ileile. Haidrojeni husaidia huko pia, lakini si kwa ukamilifu. Ni moja ya sababu za seli za fuwele moja kutoa umeme zaidi kwa eneo lilelile.

8. Mkazi wa Kasese

Salaam kwa wote. Mimi nimekulia karibu na Kilembe, ambako shaba ilichimbwa na kupelekwa kwa reli kuyeyushwa huko Jinja. Naona mjadala umekuwa wa silikoni tu. Kwa maoni yangu, katika metali hali za usoni hazina umuhimu wowote. Metali ina elektroni nyingi mno, haina pengo, na chaji yoyote ya usoni hufunikwa mara moja. Mwalimu, unaweza kunionyesha kwamba kuna haja ya kuzijadili?

9. Mwalimu wa Fizikia, Kampala

Ndugu wa Kasese, nusu ya hoja yako naikubali kabisa. Katika metali chaji ya usoni hufunikwa ndani ya umbali usiozidi tabaka moja au mbili za atomu, kwa hiyo kanda hazipindi kwa kina kama katika silikoni. Nusu ya pili siikubali, na nitakujibu kwa shaba hiyohiyo ya kwenu.

Shaba haina pengo ukiiangalia kwa pande zote kwa pamoja, lakini elektroni inayoelekea moja kwa moja kwenye uso unaoitwa (111) hukutana na pengo katika uelekeo huo. Ndani ya pengo hilo kuna hali ya usoni aliyoielezea Shockley. Ukanda wake unaanzia takriban elektronivolti 0.4 chini ya kiwango cha Fermi, basi sehemu hiyo yote imejaa elektroni, na hizo zinatembea huku na huku usoni kama gesi ya pande mbili, zikiwa na wingi unaofanana na elektroni moja kwa kila atomu 25 hivi za usoni. Mwaka 1993 Michael Crommie, Christopher Lutz na Donald Eigler wa IBM walipanga atomu 48 za chuma katika duara juu ya uso huo wa shaba, kwenye baridi ya kelvini 4, duara lenye nusu kipenyo cha nanomita 7 hivi. Ndani yake elektroni za usoni zilionekana zikiwa zimesimama katika mawimbi ya mviringo, na viwango vyao vya nishati vilivyokuwa vimetawanyika vikawa vimetengana tena, kama fizikia ya kwantamu inavyodai. Ninaiona picha ile kuwa mojawapo ya ushahidi mzuri kuliko wote ambao karne iliyopita ilituachia, kwa kuwa mtu asiyejua hesabu hata moja anaweza kuitazama na kuona kwamba elektroni ni wimbi.

Kisha kuna suala la nishati ambayo elektroni inahitaji ili itoke kabisa kwenye metali. Elektroni za usoni huchungulia nje kidogo kupita atomu za mwisho, na tendo hilo hutengeneza tabaka la chaji hasi nje na chanya ndani, ambalo kila elektroni inayotoka lazima ilivuke. Mpangilio wa atomu usoni ukibadilika, tabaka hilo linabadilika. Ndiyo sababu shaba ileile huhitaji elektronivolti 4.9 kwenye uso wa (111) na karibu 4.5 kwenye uso wa (110). Metali ni moja, kiwango cha Fermi ni kimoja, lakini mlango wa kutokea una kimo tofauti.

Wolframu, ambayo imewahi kuchimbwa kwetu Kigezi, inatuonyesha jinsi ujazo wa hali unavyogeuka kuwa kifaa. Nayo huhitaji takriban elektronivolti 4.5. Katika halijoto ya kawaida, uwezekano wa kuikuta elektroni kwenye hali iliyo juu kiasi hicho ni mdogo hata hauna maana kuutaja. Ipashe waya hadi kelvini 2500, na uwezekano huo unafika karibu sehemu 8 kati ya bilioni 10. Ni mdogo bado, lakini elektroni za wolframu ni nyingi kiasi kwamba mkondo unaotoka unatosha kuendesha mrija wa eksirei. Kila picha ya mfupa inayopigwa hospitalini Mulago inaanza na mkia huo mwembamba wa hesabu ya Fermi na Dirac.

10. Mkazi wa Kasese

Nimeelewa, Mwalimu, na nashukuru kwa kunijibu kwa shaba. Linalobaki kwangu ni hili: haya yote yanapimwaje? Mtu anajuaje kwamba hali fulani imejaa na nyingine ni tupu?

11. Mwalimu wa Fizikia, Kampala

Hali zilizojaa huonekana kwa kuzipiga mwanga wenye nishati kubwa, urujuanimno au eksirei, na kupima nishati ya elektroni zinazorushwa nje. Ukijua nishati uliyoipeleka na ile elektroni iliyotoka nayo, tofauti inakuambia ilikuwa imekaa wapi. Elektroni hizo hutoka kwenye tabaka chache tu za juu, kwa hiyo kifaa kinaona uso hasa. Hali tupu huonekana kwa kinyume chake, yaani kwa kuelekeza elektroni kwenye uso na kupima mwanga unaotolewa zinapoangukia mahali palipo wazi. Nayo hadubini ya sindano, ambayo Gerd Binnig na Heinrich Rohrer waliibuni huko Zürich mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986, huweza kuona zote mbili: volti ikielekezwa upande mmoja, elektroni hupenya kutoka kwenye hali zilizojaa za uso kwenda kwenye sindano, ukiigeuza, hutoka sindanoni na kuingia kwenye hali tupu.

Ugumu mkubwa ni usafi. Hata hewa ikipunguzwa hadi shinikizo la sehemu moja ya milioni ya tor (tor ni kipimo cha shinikizo), molekuli zinaugonga uso kwa wingi wa kuufunika tabaka zima katika sekunde 1 hivi, ikiwa kila moja inanata. Kwa hiyo vipimo hivi hufanywa katika ombwe kali zaidi ya hilo mara 10,000 au zaidi, ili mtafiti apate saa kadhaa za kufanya kazi. Mitambo hiyo ni ghali. Hata hivyo kuna kifaa cha bei nafuu zaidi ambacho ningependa kila chuo chetu kikuu kiwe nacho: bamba dogo linalotetemeshwa karibu na uso, ambalo hupima tofauti ya volti inayotokana na tofauti ya nishati ya kutokea kati ya metali mbili. Asili yake ni majaribio ya Lord Kelvin mwishoni mwa karne ya 19, hufanya kazi hata hewani, na ukimulika silikoni taa huku ukipima, utaona kanda zilizopinda zikinyooka. Mwanafunzi wa Makerere au wa Mbarara aliyeliona hilo kwa macho yake hahitaji kulazimishwa kuamini kwamba uso una elektroni zake.

12. Mwanafunzi, Mbarara

Mwalimu, naomba swali la mwisho. Ulisema kila atomu ya usoni ina kifungo kimoja kinachoning'inia chenye elektroni moja. Basi hali za usoni zote zingekuwa nusu zimejaa, na uso wa silikoni ungekuwa unapitisha umeme kama metali. Je, ndivyo ilivyo?

13. Mwalimu wa Fizikia, Kampala

Ungekuwa hivyo kama atomu zingebaki mahali zilipokatiwa, lakini hazibaki. Vifungo vilivyo wazi vina nishati kubwa, nazo atomu za usoni husogea ili kupunguza idadi yake. Kwenye uso wa (100), ambao hutumiwa katika vifaa vingi vya elektroniki, atomu huegemeana mbilimbili. Kisha katika kila jozi moja huinuka na nyingine hushuka, elektroni zikahamia kwa ile iliyoinuka. Hali moja imejaa, nyingine ni tupu, na kati yake linazaliwa pengo dogo. Uso huo hauwi metali.

Uso wa (111) ukipashwa joto kwenye ombwe hufanya jambo la ajabu zaidi. Unajipanga upya katika vipande vinavyorudiana, kila kimoja kikiwa na upana wa atomu 7 kwa 7, mpangilio ambao Kunio Takayanagi na wenzake walifanikiwa kuueleza kwa ukamilifu mwaka 1985. Bila kujipanga, kipande cha namna hiyo kingekuwa na vifungo 49 vinavyoning'inia. Baada ya kujipanga vinabaki 19: 12 ni vya atomu zilizopanda juu ya tabaka, 6 ni vya atomu zilizobaki chini yake, na 1 kiko katika shimo la pembeni. Elektroni za kugawana nazo ni 19. Atomu 6 za chini na ile ya shimoni zina hali za nishati ya chini zaidi, kwa hiyo kila moja inachukua elektroni 2, jumla 14. Zinabaki elektroni 5 za kugawanywa kwa atomu 12 za juu, ambazo zingeweza kubeba 24. Ukanda wao umejaa kwa sehemu tu, na kiwango cha Fermi kinapita katikati yake. Kwa uso huu, basi, jibu la swali lako ni ndiyo: una tabia ya metali, ingawa si kwa nusu uliyoikadiria. Na kwa kuwa ukanda huo una nafasi nyingi za kupokea elektroni na nyingi za kutoa, kiwango cha Fermi pale usoni kimegandishwa takriban elektronivolti 0.63 juu ya ukanda uliojaa, iwe silikoni ya ndani imetiwa fosforasi au imetiwa boroni.